Chimbeni, Msivute

Charo Kenga alikuwa ameendesha trekta la chuo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoka damu kazini, isipokuwa siku moja alipojikata kidole akifungua kopo la grisi. Jambo hilo alipenda kulitaja. Mgeni akija chuoni atalisikia, na mkewe Jumwa akimuuliza kama kazi ile haina hatari, jibu ni lile lile: "Mimi na hili trekta tumezoeana. Haliwezi kunifanya kitu."

Chuo chenyewe, kidogo tu, cha kufundishia kilimo, kiko upande wa Minjila, mahali ambapo mto Tana ukifura, maji huja mpaka kwenye ua. Kwa hiyo kumejengwa tuta refu la udongo kuzunguka kiwanja, na nje ya tuta kuna mfereji. Mahali pamoja tuta lina mlango wa maji, wa kutolea maji ya kiwanjani kwenda mferejini. Mvua za masika zikiisha, nyasi humea kwa fujo. Leo zimefika kwenye vifundo vya miguu, wiki ijayo zimefika kiunoni, na ndani yake kuna nyoka na mbu wa kutosha kijiji kizima. Kazi ya Charo ilikuwa kuzifyeka: uwanja wa mpira, kando ya madarasa, halafu tuta lote, juu na ubavuni. Alifunga mashine ya kufyekea nyuma ya trekta, visu vikazunguka chini ya bati lake, na nyasi zikalala.

Nyuma yake walikuja wanawake. Walikuwa wanne au watano, kila mmoja na mundu wake na kamba ya miyaa, wakikusanya nyasi zilizokatwa kwa ajili ya mbuzi wao. Mkubwa wao alikuwa Mwanaarusi, Mpokomo wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Mdogo wao alikuwa Kache, Mgiriama kama Charo, aliyeolewa Garsen mwaka uliotangulia. Charo hakupenda kuwaona karibu. Mashine ile iliweza kurusha jiwe hatua hamsini. Iliwahi kuvunja kioo cha dirisha la ofisi. Aliwapigia kelele warudi nyuma. Wao walirudi hatua tano, akigeuka wakasogea kumi.

Siku moja Mwanaarusi alimsimamisha. "Baba Linda," alimwita, kwa jina la bintiye mkubwa, "pale kwenye mlango wa maji usipite na hicho chuma chako. Ndani pametoboka. Mafuriko yaliingia chini, udongo umebaki kama ngozi tu."

"Nani kakwambia?"

"Miguu yangu. Nikipita hapo panaitika kama mtungi mtupu."

Charo alicheka. "Mama, wewe shughulika na nyasi. Trekta niachie mimi."

Alimwambia tena baada ya wiki mbili, na mara ya tatu Jumatatu moja ya mwezi wa Juni. Mara hiyo ya tatu Charo hakumjibu hata neno. Ajali ilitokea kesho yake.

Wanafunzi walikuwa wameenda likizo, na chuo kilikuwa kimya. Ilikaribia saa nne asubuhi, jua likianza kuuma. Charo alikuwa akifyeka ubavu wa nje wa tuta, trekta limeinama kidogo upande wa mfereji kama alivyozoea kuliinamisha kwa miaka yote hiyo. Alipofika kwenye mlango wa maji alisikia sauti ya kitu kikipasuka chini, sauti nzito, ya ndani kabisa. Gurudumu la nyuma la chini likazama. Kiti kikamwacha. Aliona mbingu, akaona bega lake mwenyewe, halafu akaona udongo unamjia usoni.

Alipopata fahamu alikuwa amelala kwa ubavu kwenye tope la mfereji. Trekta lilikuwa limelala juu yake. Usukani ulimbana kiunoni, na bati la gurudumu lilikandamiza paja lake la kushoto. Maji ya tope yalimfika kwenye pembe ya mdomo, na kila akivuta pumzi aliyaonja. Injini bado ilinguruma. Nyuma, mashine ya kufyekea ilikuwa imeinuka hewani, na visu vyake vilizunguka wazi, vikikata upepo. Dizeli ilidondoka mahali fulani karibu na kichwa chake. Alitaka kupiga kelele lakini kifua hakikumpa nafasi.

Kwanza aliona miguu miwili yenye vumbi. Kisha uso wa Kache, macho yamemtoka. Halafu akasikia ile sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Kache! Mshike kichwa, asinywe maji! Wewe, kimbia barabarani, simamisha gari lolote. Na wewe usipite nyuma huko, huvioni hivyo visu?"

Kache alikaa kwenye tope lile na leso yake mpya, akakiinua kichwa cha Charo akakiweka mapajani mwake. Mwanaarusi aliinama karibu na sikio lake.

"Hili linazimwaje?"

"Chekundu," Charo alisema. "Kile chekundu, karibu na usukani. Vuta."

Kitufe hicho kilikuwa upande wa pili. Kukifikia kulimlazimu mtu apande juu ya injini, aingize mkono katikati ya ekzosi na usukani, na trekta lenyewe lilikuwa bado linatetemeka kana kwamba litageuka tena. Mwanaarusi alifunga leso kiunoni akapanda. Charo alimsikia akiguta, sauti fupi ya mtu aliyeungua, lakini mkono haukurudi. Ukaendelea kwenda. Kisha injini ikakohoa, ikazimika. Visu vilizunguka kwa muda mrefu vikipungua, vikipungua, mpaka vikasimama.

Ule ukimya baada ya hapo, Charo atausimulia mpaka mwisho wa maisha yake. Alisema ni wakati huo ndipo alipojua kuwa bado yumo duniani, kwa sababu alisikia mbuzi wa mtu akilia mbali.

Lori la mchanga lilikuja, na dereva wake, kijana mnene aitwaye Fumo, mtu wa Kipini, alishuka na wapakiaji wake wanne. Mlinzi wa chuo naye alifika akihema. Fumo alitazama mara moja tu akajua la kufanya, au alidhani anajua.

"Leteni mnyororo! Tunalifunga kwenye lori, navuta mara moja, tunamtoa."

"Hapana," alisema Mwanaarusi.

"Mama, huyu mtu anakufa."

"Ndiyo maana nasema hapana. Ukilivuta litamsaga kabla halijamtoka."

"Basi tuliinue. Tuko wanaume sita."

Mwanaarusi alisimama kati yao na trekta, matope mpaka magotini, mkono mmoja ameukunja kifuani. Hakuongeza sauti sasa. Aliongea polepole, na labda ndiyo sababu wakamsikiliza.

"Kaka yangu aliangukiwa na ukuta wakati wa mafuriko. Walikuja wanaume wengi kuliko ninyi, wenye nguvu kuliko ninyi. Wakauinua kweli. Halafu mmoja akateleza. Kaka yangu hakuuawa na ukuta ulipoanguka mara ya kwanza. Aliuawa ulipoanguka mara ya pili." Aliwaonyesha tope. "Huu ni udongo wa mto. Ni laini kama uji. Chimbeni, msivute. Tutautoa udongo chini yake yeye, chuma kibaki pale pale kilipo."

Fumo akamwambia mpakiaji wake, "Lete zile mbao. Na mawe yale ya kuzuilia magurudumu. Tulikaze lisisogee." Na yeye mwenyewe akapiga magoti akaanza kusukuma mbao chini ya trekta, huku na huku, mpaka likakaa kama limejengewa.

Wakachimba. Sepetu hazikufaa, zingemkata, kwa hiyo walichimba kwa mundu pale mbali na kwa vidole pale karibu. Mwanaarusi alikuwa upande wa paja, akikwangua tope kwa kiganja na kulitupa nyuma kama mtu anayechota unga. Charo alihisi kila kitu na hakuhisi kitu. Macho yalitaka kufunga. Kila yalipofunga, Kache alimpiga kofi dogo shavuni.

"Baba, usilale. Watoto wako wangapi?"

"Wanne."

"Nitajie."

"Linda. Linda na... Kenga. Na Sidi."

"Hao ni watatu. Wa nne ni nani? Baba! Wa nne ni nani?"

"Safari," alisema Charo, na kwa sababu fulani jina la mwanawe wa mwisho lilimfanya alie. Kache alimfuta machozi kwa ncha safi ya leso, akamwambia aanze upya, kutoka kwa Linda.

Walichimba karibu saa nzima. Udongo chini ya nyonga yake ulipokwisha, mwili wake ulishuka, kiasi cha upana wa mkono tu, na usukani ukaachana na kiuno chake. Chuma hakikusogea hata kidogo. Walimtelezesha juu ya mlango wa mbao ambao mlinzi aliung'oa stoo, wakambeba mpaka kwenye lori, wakamlaza juu ya mchanga wa Fumo ambao ulikuwa bado na ubaridi wa mto. Mwanaarusi na Kache walipanda naye. Fumo aliendesha mpaka Garsen kama aliyebeba mayai, na kutoka hapo gari la wagonjwa likampeleka Malindi.

Daktari aliyempasua alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, jina lake Asenath. Siku ya tatu alikuja kando ya kitanda na picha za mifupa. Paja lilikuwa limevunjika mara mbili. Nyonga ilikuwa na ufa. Mshipa mkubwa wa damu ulipita karibu kabisa na ncha ya mfupa uliovunjika, na haukuguswa.

"Walikuvuta?" aliuliza.

"Hapana. Walinichimba."

Daktari alizirudisha picha kwenye bahasha. "Basi kuna mtu mwenye akili alikuwa pale. Wangekuvuta, mimi na wewe tusingekutana."

Alipoondoka, Jumwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu siku ya kwanza, alifunika uso kwa leso akaomba kimyakimya. Charo alimsikia akitaja majina: Mwanaarusi, Kache, Fumo, mlinzi, na wale wanawake wengine ambao hakuwajua akawaita tu "na wenzao."

Wiki ya tatu alikuja mkuu wa chuo, Bwana Tahir. Alileta matunda, akampa pole, akauliza habari za mguu. Alikuwa mtu mwema, na Charo alimheshimu. Lakini alikaa kama mtu ambaye kiti kinamchoma, na mwishowe akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Ni maelezo ya ajali, Charo. Watu wa bima wanayataka, na afisa wa kazi pia. Nimekuandikia ili usisumbuke. Wewe weka sahihi tu."

Charo alisoma. Karatasi ilisema kwamba wanawake wasio na ruhusa walikuwa wameikaribia mashine, kwamba dereva alikata kona kuwakwepa, na kwamba kuanzia sasa chuo kimewapiga marufuku kuingia kiwanjani. Alisoma mara mbili. Kalamu ilikuwa imewekwa juu ya shuka, tayari.

"Hii itaharakisha mambo yako," alisema Bwana Tahir. "Dereva akionekana na kosa, watavuta miguu. Una watoto."

Jumwa ndiye aliyeuliza.

"Ni kweli yaliyoandikwa hapo?"

"Si kweli," alisema Charo.

"Basi mbona unaitazama kalamu?"

Ni kweli alikuwa ameitazama. Kwa kitambo kidogo tu, lakini aliitazama. Alifikiria mkono ule ulioungua kwenye ekzosi na haukurudi nyuma. Alifikiria leso mpya ndani ya tope. Akaisukuma karatasi taratibu.

"Bwana Tahir, andika nikwambie. Andika kwamba Mwanaarusi alinionya mara tatu kuhusu mlango wa maji, na mara ya tatu sikumjibu. Andika kwamba wakati naanguka alikuwa mbali nyuma, mahali nilipomwambia akae. Na andika habari ya kile chuma cha kinga."

Bwana Tahir alishusha macho. Wote wawili walijua habari ya kile chuma. Trekta lilikuja na fremu imara nyuma ya kiti, ya kumlinda dereva likipinduka. Miaka minne iliyopita banda jipya la magari lilijengwa na mlango mfupi, na fremu haikupita. Fremu ikafunguliwa ikatupwa nyuma ya stoo, na mathenge, ule mti wa miba, ikaota katikati yake.

"Mimi ndiye niliyekwambia uifungue," alisema Bwana Tahir.

"Na mimi ndiye niliyefungua nati. Nilizifungua nikiimba. Miaka kumi na tisa, nilidhani fremu ni ya watu wasiojua kazi."

Nje muuguzi alipita na kigari cha dawa. Kisha Bwana Tahir aliichana ile karatasi mara mbili, akatia vipande mfukoni, akatoa daftari. "Anza mwanzo," alisema. "Na jina langu nitaliandika mwenyewe."

Afisa wa kazi alikuja chuoni, akapima mlango wa banda, akapiga picha tuta, akawahoji wanawake mmoja mmoja. Bima ilichelewa kama Bwana Tahir alivyosema, lakini ilikuja, na hakuna aliyefukuzwa. Mlango wa banda ulivunjwa ukainuliwa. Fremu ilitolewa kwenye miba, ikapigwa rangi, ikafungwa mahali pake, pamoja na mkanda wa kiti ambao trekta lile halikuwahi kuwa nao. Ubavu wa tuta ulipigwa marufuku kwa mashine. Sasa unakatwa kwa mundu, na wanaoukata ni wale wale wanawake, kwa mkataba wa chuo, na nyasi ni zao.

Charo alikaa Malindi wiki saba, na nyumbani miezi mitatu. Mguu wa kushoto ulipona ukiwa mfupi kidogo, na haukuwa tena na nguvu za kukanyaga klachi siku nzima. Siku alipoambiwa hivyo alihuzunika kama mtu aliyefiwa. Lakini chuo kilimpa kazi ya kufundisha wanaojifunza trekta, na somo lake la kwanza kwa kila darasa halina uendeshaji wowote. Anawapeleka mbele ya trekta lililozimwa, anawafumba macho kwa kitambaa, na kila mmoja sharti apapase mpaka akipate kitufe chekundu. Darasa la kwanza lilikuwa na watu tisa. Wa tisa alikuwa Kache, na alikipata upesi kuliko wote.

Siku Charo alipoweza kutembea kwa gongo moja, yeye na Jumwa walikwenda kwa Mwanaarusi. Walibeba doti mbili za leso, kilo tatu za sukari, na mbuzi jike mwenye mimba ambaye Jumwa alimchagua mwenyewe na kumkokota njia nzima huku akimgombeza. Mwanaarusi alikuwa uani akikatakata nyasi. Alipowaona aliinuka akajifuta mikono.

"Karibuni! Baba Linda, unatembea! Hebu geuka nikuone. Ah, umekonda."

Charo alikuwa ameandaa maneno. Aliyarudia njiani, kimoyomoyo, maneno mazuri yenye mpangilio. Lakini Mwanaarusi alipompa mkono aliona kovu, refu na jekundu, kuanzia kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, na maneno yote yakamtoka kichwani.

"Mama," alisema. "Mwanaarusi. Mimi sikukusikiliza."

"Hukusikiliza, kweli."

"Ulinionya mara tatu."

"Mara nne. Moja ulikuwa umewasha injini." Alitabasamu. "Kaa kitako, utaanguka hapa nianze tena kuchimba. Na wewe ni mzito, nikwambie ukweli. Wiki nzima sikuweza kusuka mkeka."

Jumwa aliangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, akamkumbatia Mwanaarusi shingoni, akabaki hapo. "Ulinirudishia mume wangu," alisema. "Sina cha kukupa. Huyu mbuzi si malipo. Ni kwa kuwa sikuweza kuja mikono mitupu."

"Mbuzi nampokea," alisema Mwanaarusi, akimpigapiga mgongoni. "Wa kwangu mmoja alimezwa na mamba. Lakini msinishukuru sana mpaka mkanitia aibu. Siku ile nilipokuwa nachimba, nilikuwa namchimba na kaka yangu pia. Yeye sikumpata. Huyu nilimpata. Nami nililala vizuri siku ile, baada ya muda mrefu."

Charo aliketi kwenye mkeka, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Alisema tu ahsante, mara moja, kwa sauti ya chini, na Mwanaarusi akaitikia kwa kichwa. Kisha akawakataza kuondoka. Kulikuwa na wali jikoni na kambare wa nazi, na Kache alikuwa njiani anakuja, na isitoshe mbuzi yule alihitaji kuzoea mahali pageni huku akimwona mtu anayemjua. Jumwa alivua viatu akaingia jikoni kusaidia. Charo alibaki uani na yule mbuzi, akimrushia nyasi moja moja. Mguu ulimuuma kidogo na njaa ilimuuma zaidi, na kutoka jikoni alisikia wanawake wawili wakimsema, bila kujali kama anasikia.